Kamera Yangu Yanyolewa Uriri

Kitendawili, wajukuu zangu!

Mmesema tega? Haya. Nina mtoto mwenye jicho moja na miguu mitatu, ugali hali, na ukimwelekeza juani anapofuka.

Mliokuwa nami juma lililopita mmekwisha jibu. Ni kamera ya video ya mwanangu Javan. Na wewe unayenikuta leo kwa mara ya kwanza, lete mkono nikuingize, usisimame mlangoni kama mgeni.

Mimi ni Phelesia wa Kendu Bay. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma na kuandika mnaona. Javan ndiye mpiga video wa harusi na matanga huku kwetu. Tulimwacha juu ya mti kando ya ziwa, Homa Bay, akimpiga picha furukombe akila samaki.

Furukombe akaruka. Javan naye akaruka. Mwenye mabawa alikuwa mmoja.

Kamera haikuvunjika, maana ilimwangukia Javan tumboni. Mguu wake ndio uliovunjika. Wakaufunga plasta kama nguzo ya nyumba, naye akalazwa kwa dada yake, mjini Migori.

Mimi nikalia nikasema kazi ya mwanangu imeisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Kuna watu wa filamu waliokuwa wakitoka Tanzania kuja kupiga picha za swala wakubwa wa bonde la Lambwe. Walikuwa wakitafuta mtu wa kuketi ndani ya kibanda cha majani kutwa nzima, na kamera yake mwenyewe, kimya, mpaka swala wamsahau. Mkubwa wao alipomwona Javan na plasta yake alifurahi karibu ampige busu.

"Huyu hawezi kuzungukazunguka akatufukuzia wanyama," alisema. "Huyu ndiye. Lakini aje na kamera. Bila kamera tunamchukua mwingine."

Wajukuu zangu, Javan tangu utotoni hataki keki za harusi. Anataka wanyama. Alikuwa akichunga mbuzi huku amewatengenezea vidole hivi, kimoja huku kimoja kule, anawachungulia katikati. Kazi hiyo ilikuwa ndoto yake imevaa viatu na kubisha hodi.

Wakakubaliana. Jumamosi asubuhi gari la filamu litoke Isebania mpakani, limchukue Javan Migori, kisha lisimame Uriri barabarani kuchukua kamera.

Kwa nini Uriri? Kwa sababu Javan alikuwa amewaahidi watu wa Uriri kupiga video mazishi ya Alhamisi, na ahadi ya matanga haivunjwi.

"Mama," akaniambia kitandani, "nenda wewe."

"Mimi? Na macho haya?"

"Jicho linalotakiwa ni moja tu. Ukitembea nayo, kunja magoti kidogo, teleza kama umebeba mtungi wa maji kichwani. Usiielekeze juani. Mvua ikija ivalishe mfuko wa plastiki. Upepo ukivuma, ivalishe maiki kofia."

Kofia ya maiki niliishona mimi, ya ngozi ya kondoo, na manyoya yake marefu. Bila kofia hiyo upepo ukigonga maiki unasikika kama lori linapanda Rongo.

Kuteleza na mtungi ndiyo elimu yangu. Nikaenda.

*

Aliyekuwa amekufa ni Mzee Elkanah. Mjane wake ni Milka. Mtoto wao wa kwanza, Jacktone, yuko Canada. Alikuwa amepiga simu kwamba hataweza kufika, basi apigiwe video ya kila kitu, asikose hata kuku akipita.

Nikasimamisha stendi yangu ya miguu mitatu, jua mgongoni. Nikatia jicho kwenye kidirisha. Humo ndani watu wote ni wadogo na hawana rangi, ni weusi na weupe tu, kama tayari ni kumbukumbu.

Milka akanijia polepole, leso mkononi.

"Min Javan," akaniita, maana kwetu mama huitwa kwa mwanawe. "Jacktone ananiona sasa?"

Jibu la ukweli lilikuwa: atakuona kanda ikifika Canada. Lakini nyinyi hamkuyaona macho ya mama yule.

"Anakuona, Min Jacktone," nikamwambia. "Yuko humu ndani."

Akaipangusa kamera vumbi kwa leso, akaiambia kwa sauti ndogo, "Umekonda, nyathina." Ndiyo kusema mwanangu. Akarudi kuketi.

Nikafikiri yameisha. Sikujua aliyekuwa nyuma yangu ameegemea fimbo ni Mzee Cephas, kaka mkubwa wa marehemu, mtu asiyeacha neno lianguke chini.

Jeneza likashuka. Boaz, mtoto wa pili, mwenye duka la vipuri Migori, akachota mchanga.

"Rudisha huo mchanga," Cephas akasema.

"Kwani nini, Baba Mkubwa?"

"Utamtangulia kaka yako kwa kaburi la baba yenu? Unataka chira?"

Chira ni ile laana ya kuruka utaratibu wa nyumbani. Inamkondesha mtu mpaka suruali inamwacha mwenyewe.

"Kaka yuko Canada!" Boaz akasema.

"Yuko pale." Fimbo ikanyooka, ikanielekea mimi. "Mama wa video amesema mwenyewe. Yuko humo ndani. Jacktone kwanza."

Katika kile kidirisha changu niliona vichwa vyote vidogo vikigeuka kunitazama.

"Mzee," nikasema, "hii ni kamera tu."

"Inaona?"

"Inaona."

"Inasikia?"

"Inasikia."

"Inaona na kusikia kwa niaba ya nani?"

"Ya Jacktone."

"Basi usitupotezee muda, mama. Jua linatuchoma."

Wajukuu zangu, mchanga na lenzi ni paka na panya. Nikaivalisha kamera mfuko wa plastiki haraka, kama vile mvua inakuja, nikaibeba, nikateleza magoti yamekunjika hadi ukingoni mwa kaburi, nikausukuma mchanga kwa mguu mmoja wa stendi.

"Uuuwi! Jacktone amemzika baba!" kina mama wakalia.

Boaz akatupa wake, akiwa wa pili, uso umekunjamana kama amelamba betri.

*

Mazishi yakaisha. Nikafunga stendi, nikaitia kamera begani, nikaaga.

"Unampeleka wapi huyo?" Cephas akauliza.

"Nyumba ya wageni hapo barabarani, Mzee. Nimngoje mwenyewe."

"Mtoto wa kwanza anazika baba yake na kuondoka siku hiyo hiyo? Umeona wapi?"

"Lakini Mzee, Jumamosi mwanangu..."

"Na wetu je? Hakuna atakayetoka hapa kabla ya Jacktone kumaliza. Boaz na ndugu zake wote wanamngoja yeye. Akiondoka vibaya, hao wote ni chira."

Boaz akanivuta kando.

"Mama, haki ya Mungu, duka langu limefungwa. Nina wateja. Sasa nimekwama kwa sababu ya kaka aliyetengenezwa Japani!"

"Na mimi mwanangu ana swala wanamngoja."

"Swala?"

"Ni hadithi ndefu."

Chakula kikaletwa. Sahani kubwa kuliko zote ikawekwa mbele ya kamera, ugali, na samaki mbuta ambaye mkia wake ulining'inia nje.

"Amesafiri mbali," Milka akasema. "Bado anapenda kichwa cha samaki?"

Ningesema nini? Nikasema anapenda sana. Kisha nikakila kwa niaba yake. Nakiri mbele yenu kwamba Jacktone alikula vizuri, na akaongezwa.

Wakati wa uji wa jioni taa nyekundu ya kamera ikazimika. Betri imekwisha. Kina mama wakashika vichwa.

"Amezimia!"

"Amelala tu," nikasema. "Ni uchovu."

Boaz akatoa betri ya pikapu yake, tukaunganisha nyaya kama Javan alivyonifundisha. Taa ikawaka tena, na Milka akamletea kiti.

*

Ijumaa asubuhi ndiyo ya kunyoa. Kwetu mtu akifiwa na baba ananyolewa, uchungu utoke na nywele. Nikaona hapa ndipo nitakapoponea.

"Mzee Cephas, jamani, kitu hiki hakina nywele."

Mama wa wembe alikuwa tayari amekizunguka. Akashika kofia ya maiki.

"Na hizi?"

"Hizo ni za kondoo!"

"Zake ama za kondoo, zimeota kwake."

Wakachemsha maji. Wakapaka sabuni. Mimi nikashikilia waya wa maiki kwa vidole viwili nikiomba, polepole mama, polepole usije ukakata mshipa wa sauti. Manyoya niliyoyashona usiku kwa usiku yakaanguka kwenye karai pamoja na nywele za Boaz na ndugu zake. Walipomaliza, maiki ilikuwa na upara unaong'aa.

"Sasa amefanana na sisi," Cephas akasema, akaipigapiga kichwani.

Boaz, naye kipara kipya, akaiangalia kwa muda.

"Kusema kweli," akanong'ona, "anafanana na marehemu."

Nikaona nibadilishe dawa. Mzee huyu hawezekani kwa maneno ya kawaida. Nikamfuata alipoketi.

"Mzee, kitendawili."

Macho yakamng'aa. Kumbe naye ni mgonjwa wa ugonjwa wangu. "Tega!"

"Ni mwana gani asiyekuwa na kitovu?"

Nilikuwa nimemfunga. Akisema ni kamera, basi kamera si mwana wa mtu, nami najiendea zangu. Akafikiri. Akasugua fimbo.

"Ni aliyesahau kwao," akasema. "Na huyu kitovu chake tulikizika pale nyuma ya ghala. Umenikumbusha vizuri, min Javan. Ana kitovu hapa lakini hana nyumba."

"Nyumba?"

"Jacktone alienda Canada kabla ya kujenga. Atoke hapa amelala kwa nani? Mtoto wa kwanza hatoki matangani kwa baba yake kama mpita njia. Ajengewe karibu na lango, mahali pake. Alale humo mara moja. Akiamka, yuko huru."

Ulimi wangu huu nitaukata niupe paka.

Boaz hakubishana. Alivua shati. Sijaona mtu akijenga kwa hasira namna ile. Nguzo, fito, mabati ya zamani ya banda la kuku, udongo unarushwa ukutani kama anampiga mtu. Mimi nilichota maji. Kabla jua halijazama nyumba ilikuwa imesimama, imeinama kidogo upande wa Kisii, lakini imesimama.

Milka akafagia ndani. Akatandika mkeka wa Jacktone, na chini ya mkeka akaweka jani la mwarobaini, wadudu wasimsumbue.

Tukalala, kamera mkekani, mimi sakafuni.

*

Jumamosi. Ee Mungu, Jumamosi ile.

Niliamka jogoo wa kwanza, nikafunga kila kitu. Cephas akaja, akaitemea kamera mate ya baraka, kidogo, nami nikaipangusa lenzi kwa upande wa khanga akiwa ametazama kwingine.

"Enda salama, Jacktone," akasema. "Usitusahau."

Milka akaikumbatia. Akaifungia karanga kwenye mfuko, za njiani.

Kule barabarani nikasikia honi. Nikachungulia. Gari la filamu, kubwa, limejaa vumbi la Isebania, na kwenye dirisha la nyuma plasta nyeupe imetokeza nje kama bendera. Javan!

"Mama!" akapiga kelele. "Ilete! Hawa hawana subira!"

Nikateleza na mtungi wangu kuelekea lango. Moyo unaimba. Boaz nyuma yangu tayari ana funguo za duka mkononi.

Na pale langoni, mguu wangu mmoja hewani, teksi ikasimama. Akashuka mwanamume mwenye koti zito la baridi, jasho linamtoka, nywele nyingi kichwani.

"Nilipata ndege," akasema. "Jameni, nilipata ndege. Mama yuko wapi?"

Boaz akaangusha funguo.

"Kaka?"

Nilitaka kucheka kwa furaha. Mwenyewe amekuja! Kamera si mtu tena! Nikainua mguu nitoke, na yeye akainua wake aingie.

Fimbo ya Cephas ikaanguka katikati yetu.

"Simameni hapo hapo. Wewe ni nani?"

"Baba Mkubwa, ni mimi. Jacktone."

"Jacktone alifika Alhamisi. Amezika. Amenyolewa. Ana nyumba, hiyo hapo. Wewe una nywele."

"Baba Mkubwa!"

"Sikatai sura, sura naijua. Nasema watoto wa kwanza hawawi wawili. Mmoja akitoka na mwingine akiingia, wakapishana langoni, hapo mmoja wao hana maisha. Nani anataka kujua ni yupi?"

Hakuna aliyetaka kujua. Mimi nikabaki ndani na kamera. Jacktone akabaki nje na sanduku. Honi ya barabarani ikalia tena, ndefu.

"Mama! Wanasema wanaondoka!"

"Nakuja, mwanangu!"

"Unakuja na umesimama!"

Milka akatoka mbio, khanga imefunguka. Akamwona mwanawe upande wa pili wa fimbo. Hakuivuka. Aliogopa kumuua. Akasimama anamtazama tu, mikono imemnyookea, na Jacktone naye amenyoosha yake, na katikati hewa.

"Nilichelewa, Mama?"

"Ulichelewa, nyathina."

"Mmemzika mzee bila mimi."

Hata Cephas alitazama chini.

Sasa mnijue mimi. Gari linanguruma. Mwanangu ananiita. Nami nikamwona huyu mtu mzima na koti lake la Canada akianza kutetemeka mdomo, nikasema, "Achungulie kanda akiwa huko nje, jicho kuona si mtu kuvuka lango. Jicho tu, Mzee."

Cephas akapima maneno hayo. "Jicho tu," akakubali.

Nikairudisha kanda nyuma. Nikaisogeza kamera juu ya fimbo, stendi ndani, kidirisha nje. Nikamtia Jacktone sikioni kile kidude cha kusikilizia sauti ya kanda. Akainama, akaweka jicho.

Akaona.

Nilijua anaona nini kwa jinsi mabega yake yalivyokuwa yanashuka. Pale ni umati. Pale ni mama yake akija na leso. Pale ni jeneza. Machozi yakamtoka yakazunguka ule mpira mweusi wa kidirisha, yakaanguka kwenye vidole vyangu.

"Mama wa video," akasema bila kutoa jicho, "kuna mtu analia hapa. Karibu kabisa na maiki. Analia kuliko wote, mpaka picha inatikisika. Ni nani?"

Ni mimi. Nani mwingine? Marehemu sikumjua, lakini mimi nikiona kaburi siwezi kujizuia. Sikujua hata kama maiki ilikuwa inanichukua.

Cephas akainua kichwa. Boaz akaacha kuokota funguo. Wazee wote wakangoja nijibu.

Nikisema ni mimi, basi nyuma ya jicho lile hapakuwa na Jacktone, palikuwa na bibi wa Kendu Bay na kitambaa chake cha pua. Kamera inakuwa kamera. Javan anapanda nayo kwenda Lambwe, na ndoto yake inaketi kibandani na swala. Na huyu hapa anakuwa mtu ambaye baba yake alizikwa bila yeye kumlilia.

"Mama!" Javan alikuwa ameshuka garini, anarukaruka kwa mguu mmoja vumbini, magongo mawili yamemshinda. "Mama, unafanya nini huko? Sema nao!"

"Ni nani huyu, Mama?" Jacktone akauliza tena. Sauti ya mtoto kabisa.

Nikafungua mdomo kusema ukweli. Naapa nilikuwa nimeufungua kwa ajili ya ukweli.

"Ni wewe, Jacktone," nikasema. "Ni wewe uliyekuwa unalia."

Cephas akapiga fimbo chini.

"Mmesikia wote," akasema. "Jacktone yuko ndani tayari, asitoke mtu wala asiingie. Fungeni lango."